Barua kwa Mwanangu Kuhusu Kijana wa Duka la Vitambaa

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya sala ya isha

Mwanangu Idrisa,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya kama inavyotuacha sisi hapa nyumbani. Bibi yako amepona kikohozi, na dalili ya kupona kwake ni kwamba ameanza tena kuulalamikia wali wangu. Utashangaa kupokea barua ya karatasi kutoka kwa mama yako, mtu ambaye hukutumia ujumbe wa simu mara tatu kwa siku kuuliza kama umekula. Lakini jambo ninalotaka kukueleza ni refu, na katika simu ungelikata kwa “sawa, mama” kabla sijafika hata nusu yake.

Usiku ule kabla hujapanda basi kurudi chuoni Morogoro, ulinisomea kurasa nne za hadithi yako, ile ya mji uliofunikwa kwa kuba la kioo mwaka 2300, nami badala ya kukuuliza habari za mji nikakuuliza habari za mtihani wa uhasibu. Ukalifunga daftari, ukasema maneno ambayo yamenikaa kifuani mpaka leo: kwamba mtu aliyelelewa katikati ya majora ya vitenge hana la kuandika kuhusu nyota, kwamba hadithi za namna ile huandikwa na watoto wa wasomi waliokulia kwenye maktaba na maabara, na kwamba wewe umekulia kwenye kaunta. Sikukujibu. Nilikuwa nahesabu doti za khanga za mteja wa Mtwara, nikapoteza hesabu, nikaanza upya.

Jibu nimelipata wiki hizi, wala sikulitafuta mbali. Unamjua Herbert George Wells, yule wa mashine ya wakati na wa viumbe kutoka Mirihi, ingawa nadhani umemjua zaidi kupitia filamu. Mimi nilimsoma nilipokuwa nasomea ualimu, zamani kabla ya duka, na sasa nimekirudia kitabu cha maisha yake alichokiandika mwenyewe mwaka 1934, nikikaa nacho nyuma ya kaunta kati ya mteja na mteja. Mara ya kwanza nilikisoma kama mwanafunzi mwenye mtihani mbele yake. Safari hii nimekisoma kama muuza vitambaa, tena kama mama, na nimekuta mambo ambayo msichana yule wa chuo aliyapita bila kuyaona.

Alizaliwa tarehe 21 Septemba 1866 huko Bromley, wakati huo mji wa Kent karibu na London, katika nyumba ambayo sehemu yake ya mbele ilikuwa duka. Baba yake, Joseph, alikuwa mtunza bustani aliyegeuka mwenye duka la vyombo vya kaure, duka ambalo halikuwahi kuuza vya kutosha. Kilichowalisha zaidi ni mkono wa baba huyo katika mchezo wa kriketi, kwa maana alikuwa mrushaji wa kulipwa, na mwaka 1862, akiichezea Kent dhidi ya Sussex, aliwatoa wapigaji wanne kwa mipira minne mfululizo. Kwa hiyo pembeni ya sahani na vikombe dukani humo palikuwa na magongo na mipira ya kriketi. Duka lilikuwa juu. Jiko, ambamo familia ndimo ilimoshinda, lilikuwa chini ya ardhi, na dirisha lake lilitazama shimo la matofali lililofunikwa kwa wavu wa chuma katika njia ya wapita kwa miguu. Mtoto aliyekaa jikoni humo na kuinua macho hakuona nyuso za watu. Aliona viatu vyao, vizima na vilivyotoboka, vya wenye haraka na vya wazururaji. Wells aliandika jambo hili katika kijitabu chake cha mwaka 1907 kuhusu viatu na umaskini, akasema kwamba yeye aliwaona watu kwa upande wao wa chini.

Nilipofika hapo nilikifunga kitabu nikatazama chini ya kaunta yetu. Ulipokuwa na miaka minne na mitano sikuwa na mtu wa kukuangalia nyumbani, basi nilikutandikia vipande vya marekani juu ya jora lililolazwa, ukashinda humo ukichungulia kupitia upenyo ulio chini ya mbao. Ulikuwa ukininong’oneza, “Mama, yule mwenye kandambili za bluu amerudi,” kabla mimi sijainua kichwa, na mara nyingi ulijua, kwa namna mtu anavyohamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, kwamba huyu anauliza bei tu wala hatanunua. Wapagazi uliwajua kwa visigino vyao. Wateja wa jumla kutoka bara uliwajua kwa vumbi. Katika kurasa zako nne sikumwona hata mtu mmoja wa namna hiyo. Watu wako wote wana nyuso nzuri na majina magumu, na hawana miguu.

Kuna kisa cha mguu pia katika maisha ya Bertie, kwa maana ndivyo walivyomwita kwao. Mwaka 1874, hajatimiza miaka minane, kijana mmoja mkubwa alimrusha juu kwa utani kwenye uwanja wa kriketi, akashindwa kumdaka, naye akaangukia kigingi cha hema akavunjika mfupa wa mguu. Alilazwa wiki nyingi sebuleni. Mama wa kijana yule, kwa aibu na huruma, alileta vyakula ambavyo nyumba ile haikuvizoea, na watu wakamletea vitabu vya wanyama, vya safari na vya nchi za mbali, pamoja na majarida ya michoro. Picha ya gorila katika kimoja cha vitabu hivyo ilimwandama hata gizani kwenye ngazi. Uzeeni aliandika kwamba huenda asingekuwa hai kuandika kumbukumbu zake, bali angekwisha kufa akiwa muuza duka aliyechakaa na kufukuzwa kazi, kama si kuvunjika kwa mguu ule. Maneno hayo yalinichoma, kwa sababu nakumbuka ulipolala wiki mbili kwa malaria kali ukiwa darasa la nne, nami nikavificha vitabu vyako juu ya kabati ili upumzishe macho.

Mwaka 1877 baba naye alianguka kutoka kwenye ngazi alipokuwa akiuhudumia mzabibu nyuma ya nyumba, akavunjika paja, na kriketi ikaishia hapo, na pesa ya kriketi pamoja nayo.

Sasa nimfikie mama yake, kwa sababu nusu ya barua hii ninamwandikia yeye. Sarah Wells alikuwa mtumishi wa ndani katika jumba la kitajiri linaloitwa Uppark, kule Sussex, na humo ndimo alimokutana na Joseph. Alizaa binti, Fanny, akampoteza mwaka 1864 akiwa na miaka tisa, miaka miwili kabla Bertie hajazaliwa. Akabaki na watoto wa kiume watatu, Frank, Fred na Bertie, katika nyumba yenye jiko la chini ya ardhi na mume asiyejua biashara. Mwanamke huyo alikuwa na wazo moja tu la usalama: duka la vitambaa. Mtu anayeuza vitambaa huvaa koti jeusi na tai, hulala chini ya paa la tajiri wake, hula chakula cha tajiri wake, wala hapakwi matope. Mmoja baada ya mwingine aliwapeleka wote watatu wakawe wanagenzi wa kazi hiyo, na alipopewa kazi tena Uppark mwaka 1880, safari hii akiwa msimamizi wa watumishi wote wa nyumba, mshahara wake ukaenda kulipia mafunzo ya yule wa mwisho. Wanaoandika habari za Wells humcheka mama huyu. Mimi sikuweza. Mtu aliyewahi kulala bila kujua kodi ya mwezi ujao itatoka wapi anaelewa kwa nini koti jeusi linaweza kufanana na wokovu.

Bertie alijaribiwa kwanza katika duka moja la Windsor, akawekwa kwenye dawati la kupokea fedha, na hesabu hazikukaa sawa hata siku moja kwa sababu chini ya dawati alikuwa na kitabu. Walimrudisha baada ya muda mfupi. Mwaka 1881 akapelekwa Southsea, mji wa pwani, katika duka kubwa zaidi, na huko alikaa miaka miwili ambayo baadaye aliieleza kuwa ndiyo iliyokosa matumaini kuliko yote katika maisha yake. Kazi ilianza saa moja na nusu asubuhi kwa kufuta vumbi na kupanga bidhaa, ikaendelea kwa saa 13 kila siku, na usiku wanagenzi walilala pamoja katika bweni la duka. Alikuwa mzito katika kukunja. Alikuwa na tabia ya kupotea kila alipotumwa. Nilipoyasoma maelezo yake kuhusu namna kitambaa cha pamba kinavyokataa kufungika vizuri katika karatasi, na namna mkuu wa idara anavyosimama nyuma yako ukiwa unahangaika nacho, nilicheka peke yangu mpaka jirani yangu wa duka la vifungo akaja kuuliza kuna nini. Hakuna mtu anayeweza kuyajua hayo kwa kusoma. Lazima uwe umelipanga jora, likaanguka, ukalipanga tena.

Jumapili moja ya mwaka 1883, akiwa na miaka 16, aliondoka Southsea alfajiri bila kula, akatembea maili 17, yaani zaidi kidogo ya kilomita 27, mpaka Uppark, akamkuta mama yake njiani akitoka kanisani pamoja na watumishi wenzake. Akamwambia kwamba hatarudi dukani, na kwamba akilazimishwa atajiua. Huo ndio ukurasa nilioukalia usiku mzima, mwanangu. Nilijaribu kumwona mama yule katika nguo zake za Jumapili, watumishi walio chini yake wakisimama na kutazama, ada ya mafunzo imekwisha kulipwa kwa sehemu kubwa, na mtoto mwenye vumbi mpaka magotini anamwambia vile. Hakukubali siku ile. Alimrudisha. Lakini mtoto hakuacha kuandika barua za kusihi, na mwisho mama akaachia, na mkataba ukavunjwa.

Ni haki niongeze kwamba Bertie hakuwa ameruka gizani. Kabla ya kutembea zile maili 17 alikuwa amemwandikia mwalimu mkuu wa shule ya Midhurst, Horace Byatt, ambaye aliwahi kumfundisha Kilatini kwa wiki chache na kustaajabu kasi yake, na Byatt alikuwa tayari kumpa kazi ya ualimu msaidizi. Ninalitaja hili kwa sababu najua utakavyoitumia hadithi ya maili 17 dhidi yangu. Kutoka Morogoro mpaka hapa ni mbali zaidi, tafadhali panda basi.

Kutoka Midhurst mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1884 alipata nafasi na ufadhili wa serikali katika chuo cha sayansi cha South Kensington, London, gini moja kwa wiki, yaani shilingi 21 za wakati huo, fedha ambayo ilimwacha na njaa siku nyingi. Mwaka wa kwanza alifundishwa biolojia na Thomas Huxley, aliyekuwa mtetezi mkuu wa nadharia ya Darwin, naye alichukua kutoka kwa mzee huyo jambo moja ambalo alilibeba maisha yake yote: kwamba viumbe hubadilika, lakini hakuna ahadi kwamba watabadilika kuwa bora. Baada ya Huxley alichoshwa na masomo mengine, akafeli mtihani wa mwisho mwaka 1887. Akaenda kufundisha Wales, huko akapigwa teke kwenye mpira, figo ikaumia, akaanza kutema damu, na madaktari wakadhani ni kifua kikuu. Alirudi kuuguzwa Uppark, nyumbani kwa mama, kati ya watumishi.

Kuhusu jumba hilo nataka uzingatie nisemayo, kwa maana humo ndimo ilimofichwa riwaya yake ya kwanza. Bertie aliingia Uppark kwa mlango wa watumishi. Mchana aliruhusiwa kuchukua vitabu vya bwana wa zamani wa nyumba, akamsoma Plato, mwanafalsafa wa Kigiriki, akamsoma Swift, mwandishi wa safari za Gulliver, na katika chumba cha paa alikuta vipande vya darubini ndani ya sanduku, akaviunganisha, na usiku mama yake akamkuta dirishani akitazama mashimo ya mwezi. Lakini chakula cha wakubwa kilipikwa katika jengo la pembeni, na watumishi walikibeba kupitia njia zilizochimbwa chini ya ardhi, zenye matundu ya kupitisha hewa na mwanga, ili wenye nyumba na wageni wao wasilazimike kuwaona wakivuka bustani. Juu, nyasi na maua na mabibi wenye miavuli. Chini, mama yake na funguo zake.

Sasa fungua The Time Machine, iliyotoka mwaka 1895. Msafiri anafika mwaka 802,701 na kuwakuta Eloi, watu wazuri, wadogo, wasio na kazi, wanaocheza kwenye bustani na kula matunda. Kisha anagundua visima vinavyovuta hewa, anashuka, na chini anawakuta Morlock, weupe kama funza, wanaoendesha mashine gizani, ambao bado wanawavika na kuwatunza walio juu, na usiku wa giza hupanda kuja kuwala. Msafiri mwenyewe anaeleza jinsi ilivyotokea: anaitaja reli ya chini ya ardhi ya London na karakana za chini ya ardhi za wakati wake, akasema wafanyakazi walizidi kusukumwa chini mpaka wakageuka viumbe wengine. Hapo Huxley yupo, na Plato yupo. Lakini ni nani aliyempa kile kisima chenye hewa ivumayo, kama si Uppark, na ni nani aliyempa yale macho yatazamayo kutoka chini kwenda juu, kama si jiko la Bromley? Rasimu ya mwanzo ya wazo hilo aliichapisha katika jarida la wanafunzi mwaka 1888, ikiwa bado changa, akairudia na kuirudia. Sehemu kubwa ya riwaya yenyewe aliiandika mwaka 1894 katika nyumba ya kupanga, mbele ya dirisha lililo wazi usiku wa kiangazi, huku mama mwenye nyumba akilalamika nje gizani juu ya mafuta ya taa yanavyokwisha. Nisamehe kwa maneno yangu yote ya mwaka jana kuhusu umeme wa luku na taa yako ya saa nane usiku.

Riwaya ninayoipenda mimi ni ile ya mtu asiyeonekana, The Invisible Man, ya mwaka 1897, na najua sababu yangu ni ya kidukaduka. Bwana Griffin amegundua namna ya kuufanya mwili usionekane, lakini nguo haziwi hivyo, basi anatembea London mwezi wa Januari akiwa uchi na baridi inamla. Mwanasayansi mkubwa kuliko wote, na shida yake ni nguo! Nani angeifikiria shida hiyo isipokuwa kijana aliyewavika watu kwa miaka miwili? Griffin anaingia katika duka kubwa linalouza kila kitu, anajificha juu ya rundo la magodoro, na kutoka huko anatazama duka likifungwa: namna vijana wanavyoondoa kwa kasi bidhaa zilizotandazwa mchana kutwa, namna wanavyozikunja na kuzifunika, namna viti vinavyogeuzwa juu ya kaunta ili sakafu ifagiliwe, na namna kila aliyemaliza sehemu yake anavyokimbilia mlangoni kwa uchangamfu ambao Griffin anasema ni nadra kuuona kwa muuza duka. Nimefunga duka maelfu ya jioni, Idrisa, na sijasoma mahali popote pengine palipoelezwa vile. Mtu asiyeonekana pale juu ya magodoro ni Bertie wa Southsea. Muuza duka naye haonekani. Mteja humtazama mtu wa upande wa pili wa kaunta akaona kitambaa tu.

Riwaya ya daktari anayewachana wanyama ili wawe watu, ya mwaka 1896, naipita. Imetoka kwenye maabara moja kwa moja, na usiku huu sina tumbo la kuizungumzia.

Ya viumbe wa Mirihi nayo ina mzizi wa nyumbani. Wazo lilitoka kwa kaka yake Frank, walipokuwa wakitembea pamoja mashambani Surrey na kuzungumza juu ya watu wa asili wa Tasmania walivyoangamizwa na Waingereza. Frank akauliza: ingekuwaje viumbe kutoka sayari nyingine wangeshuka hapa ghafla na kuanza kutufanyia hivyohivyo? Wells akakitabaruku kitabu kwa kaka yake, akiandika waziwazi kwamba wazo ni lake, na katika sura ya kwanza akawaambia Waingereza wenzake kwamba kabla hawajawalaani Wamirihi wawakumbuke watu wa Tasmania. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1898. Mwaka uleule, mwezi wa Julai, huku kwetu Mkwawa, mtemi wa Wahehe, alijipiga risasi ili Wajerumani wasimkamate akiwa hai, nao wakakichukua kichwa chake. Sidai kwamba Wells alikuwa na habari naye. Ninakwambia tu kwamba Mwingereza alilazimika kubuni sayari nzima ili awaonyeshe wenzake jambo ambalo babu wa babu yako alilijua bila kubuni chochote, na ni ajabu kwamba katika mji wako wa kioo hakuna mtu hata mmoja anayekumbuka kwamba aliwahi kutawaliwa.

Tena angalia namna alivyolifanya. Wakati huo alikuwa akiishi Woking, na alijifunza baiskeli, akazunguka nayo vijijini akichagua nyumba na mitaa ya kuteketezwa na miale ya joto ya Wamirihi. Aliuangamiza mji aliokuwa akiupita kila siku. Wewe mji wako ni wa kioo kwa sababu hujawahi kuishi katika mji wa kioo, basi hakuna kinachovunjika humo ambacho kinamuuma msomaji. Ungeuinua mto Msimbazi ukaufunika mtaa wa Jangwani wote, ukawaweka watu wa mwaka 2300 kwenye mapaa ya Kariakoo wakitandaza vitenge vilivyolowa ili vikauke, ningeshindwa kuhesabu khanga kwa sababu nyingine.

Usidhani nakwambia kwamba shida ndiyo iliyomfanya mwandishi. Watu hupenda kusema hivyo, hasa wale waliokwisha kutoka katika shida. Frank alikulia katika jiko lilelile, akapelekwa kwenye kazi ileile, akaiacha, akawa anazunguka vijijini akitengeneza saa; Fred alibaki katika vitambaa. Hawakuandika riwaya. Jiko liliwapa wote watatu viatu vya wapita njia, lakini mmoja wao alipewa pia wiki nyingi za kulala na vitabu, kisha maktaba ya tajiri, kisha mwalimu aliyemsubiri, kisha mama ambaye mwishowe aliachia mkono. Nimeipima orodha hiyo dhidi yangu mwenyewe, na si yote iliyonipendeza.

Kuhusu uhasibu, nakuomba uumalize muhula huu, kwa kuwa ada imekwisha lipwa na mimi si mtu wa kutupa mali. Ukija Desemba tutakaa tuzungumze, nami duka nitalifunga mapema siku hiyo, na hakutakuwa na doti mkononi mwangu wala mteja wa Mtwara. Njoo na jambo kamili, kama Bertie alivyokuwa na Byatt wake. Sitakutaka utembee.

Daftari lako ulilisahau, au uliliacha kwa hasira, chini ya kaunta, mahali palepale ulipokuwa ukikaa. Nimelisoma lote, nisamehe, kisha nimelifunga kwa kipande cha marekani ili lisilowe, na Jumanne kijana wa mizigo atalipeleka kituo cha mabasi likufikie. Katika ukurasa wa tatu nimeandika kwa penseli pembeni, kidogo tu, ili uweze kufuta. Ni pale mtu wako anaposimama mbele ya mlango wa kuba na mlinzi anamkataza kuingia. Nimekuuliza mlinzi huyo amevaa nini miguuni, na mwenzake amevaa nini, na ni nani kati yao aliyechoka kusimama.

Ni mimi mama yako.